Maji Matupu Hayana Jina

Quetrulén, 4 Januari 2003

Mwanangu Dagoberto,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. Mimi mzima, kuku wazima, nguruwe amekonda kidogo lakini majivuno yake ni yale yale.

Boksi lako limefika Alhamisi kwa boti ya abiria. Umelifunga kamba nyingi hata nikadhani umenitumia mbuzi hai. Nililifungua mezani mbele ya Belarmino, ambaye alikuja eti kuazima shoka, kumbe umbea tu. Alipokiona kile kioo cheusi akasema, "Edulia, huyu mtoto wa mdogo wako amekuletea televisheni ya wajinga." Nikamwambia basi vuta kiti, imekufaa.

Tumeiunga kwenye betri ya redio kama ulivyoandika. Ikalia ti, ikafikiri muda mrefu, halafu ikatoa namba mbili ndefu. Namba za nini? Nikaibeba pamoja na betri yake mpaka banda la kuku, na zile tarakimu za mwisho zikageuka. Nikarudi jikoni, zikarudi. Nimefanya hivyo mpaka mkono ukaniuma. Kitu kinajua nikiwa jikoni na kinajua nikiwa kwa kuku. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua.

Sasa shida yenyewe unaijua. Bahari imekula uzio, imekula mti wa tufaha, na baridi ikija itakula nyumba aliyoijenga babu yako. Binamu yetu Ofelia amenipa kiwanja Huicha, karibu na zahanati. Tutaivuta nyumba nzima kwa minga, kazi ya majirani wote isiyo na malipo, wakati wa bamvua ya Februari. Maksai wataiteremsha ufuoni, maji yakijaa itaelea kwa mapipa, na Belarmino na wenzake wataikokota kwa mashua zao mpaka ng'ambo. Watu wa visiwa vinne nitakwenda kuwaomba mwenyewe, mlango kwa mlango, kama inavyotakiwa. Nyumba isipofika, Dago, sina pengine pa kuzeekea. Hapa ndipo nilipozaliwa mimi na hapa ndipo alipozaliwa mama yako, mle chumbani juu ya jikoni.

Ila Februari ina ukungu, na Belarmino haoni vizuri hata bila ukungu, ingawa ukimwambia atanuna wiki nzima. Kwa hiyo niambie, hiki kitu kinaonyeshaje njia? Kinaijua bahari, au kinajijua chenyewe tu?

Na usiniulize kama nitamwomba mama yako.

Mama Mkubwa wako,
Edulia


Puerto Chacabuco, 18 Januari 2003

Mama Mkubwa, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti melini, mpishi akacheka mpaka akaunguza vitunguu. Sasa kila asubuhi wananiuliza kama mashine yetu inajua nani yuko kwa kuku.

Umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Jibu ni kwamba haiijui bahari. Hiyo ni ya zamani, tuliitoa hapa melini tulipofungiwa mpya, na haina ramani ndani. Inajua ilipo, na inajua pale utakapoiambia. Basi.

Fanya hivi. Ukiwa mahali, bonyeza kile kitufe kirefu cha pembeni, itaweka nukta. Ipe jina, herufi zisizidi sita. Ukishapata nukta za kutosha, zipange moja baada ya nyingine, hiyo ndiyo njia. Kati ya nukta na nukta yenyewe inachora mstari mnyoofu, na mshale utamwonyesha Belarmino aelekeze wapi sukani. Mkikaribia nukta italia, kisha mshale utageukia inayofuata. Weka nukta kila pale njia inapopinda. Ukikosea unaweza kuifuta, au kuchomeka nyingine katikati. Na ukitaka kurudi nyumbani, kuna kitufe cha kuigeuza njia yote, ya mwisho ikawa ya kwanza. Hicho ndicho ninachokipenda mimi.

Niandikie namba za nukta zako zote, nizichore kwenye ramani ya meli nione kama ziko sawa.

La pili umenikataza, lakini nalisema. Njia ya Huicha inapita mbele ya Rilpe, hakuna nyingine. Utapita na nyumba nzima nzima mbele ya macho ya mama. Miaka kumi na moja hamsemeshani, na sababu kila mmoja ananipa yake. Siku hizi ufunguo wa kanisa la Rilpe anao yeye, na ukungu ukishuka ndiye anayepiga kengele ili boti zisipande Fungu la Ajuza. Visiwa vinne vitakuja kuvuta kamba, na mdogo wako abaki ufuoni kama mgeni? Mwombe, Mama Mkubwa. Ni hatua chache tu.

Mwanao,
Dago


Quetrulén, 1 Februari 2003

Mwanangu,

Njia imekamilika, na sifa ni zangu.

Belarmino alikataa kuchoma dizeli yake "kwa ajili ya televisheni". Sikumbembeleza. Nilingoja maji yapwe, nikapakia mashine na betri kwenye toroli, nikateremka nayo kwenye tope mpaka kule ambako maji yakijaa hata paa la kanisa lingezama. Wanawake waliokuwa wakichimba kome waliacha ndoo zao wakanifuata. Matilde akauliza ninauza aiskrimu ya ladha gani. Lakini walipoona namba zinageuka, kila mmoja akataka kusukuma toroli, na Matilde mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania kuliko wote. Tulifika mbali. Toroli lilizama mara mbili, betri haikulowa.

Uliniambia niweke nukta pale njia inapopinda. Nikakaa nikafikiri, njia hupinda wapi? Hupinda penye jiwe. Kwa hiyo nimepanda juu ya kila jiwe, nikasimama katikati kabisa, nikabonyeza. Mwulize mwanamume yeyote hapa njia ya Huicha, atakwambia, Punda, Sufuria, Ndugu Wawili, Ajuza, umefika. Hiyo ndiyo njia, tangu enzi za babu yako. Katikati yake kuna maji matupu, na maji matupu hayana jina. Nani ayape, na ya nini? Ndugu Wawili ni jina refu, nimeandika NDUGU tu.

Siku ya tatu Belarmino akaja mwenyewe, kofia mkononi, akasema amekuta dizeli kidogo imebaki, si vizuri ikilala. Tukaenda mpaka Fungu la Ajuza. Lilikuwa limejianika lote, mchanga na mawe na mwani. Nikashuka. Pale ndipo mimi na mama yako tulipokuwa tukichimba kome usichanani, ndoo moja wawili, yeye mpini huku, mimi mpini kule. Nyumba yake ya Rilpe iko pale pale mbele, ukipiga kelele unasikika. Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunipungia mkono, nami sikumpungia. Nikabonyeza kitufe, nikaandika AJUZA, tukaondoka.

Sasa nitakwambia mara moja, usiniulize tena. Mwaka ule wa minga yake ya viazi, mama yako hakuja mlangoni kwangu kuniomba. Alituma neno kwa boti ya abiria, kama mtu anayeagiza unga. Mimi, dada yake. Minga haiombwi kwa mdomo wa mtu mwingine, hata mtoto anajua. Sikwenda, viazi vyake vikanyeshewa na vingi vikaoza, na mpaka leo anasema dada yake ndiye aliyemwozeshea viazi. Sasa zamu ya kuomba ni yangu. Milango yote nimeibisha, hata ya yule mlevi wa Alqui. Wa kwake miguu imekataa. Nilifika mpaka ufuoni kwake siku moja, nikageuka. Akitaka aanze yeye, ni mdogo.

Minga ni Jumatatu tarehe 17. Namba ziko nyuma ya karatasi hii. Belarmino anakusalimu, anauliza kama hicho kitu kinaweza pia kuonyesha samaki.

Mama Mkubwa wako,
Edulia


Puerto Chacabuco, 10 Februari 2003

Mama Mkubwa,

Usiifuate njia ile. Nasema hili kwanza kabla ya salamu, unisamehe.

Nimezichora namba zako kwenye ramani, na kila nukta imekaa juu ya jiwe. Zimepimwa vizuri ajabu, nahodha ameshangaa. Lakini nukta si kitu cha kupita karibu nacho. Nukta ni mahali ambapo mashine itawapeleka mkapakanyage. Haijui kwamba Punda ni jiwe. Itawaongoza kwa uaminifu wake wote kutoka jiwe moja mpaka lingine, na mashua zikipita juu kwa sababu maji yamejaa, nyumba haitapita, maana imezama chini zaidi kuliko mashua.

Kosa ni langu. Nilikwambia "inapopinda" nikadhani nimemaliza. Sikukumbuka kwamba huko nyumbani hakuna anayetaja maji.

Tafadhali, kila nukta isogeze upande wa kina, mbali na jiwe, iwe kwenye maji matupu. Yape majina upendavyo. Ajuza ndiyo ya kuogopa kuliko zote, lipitieni kwa mbali kabisa, upande wa kusini. Kama muda hautoshi kubadilisha, izimeni mashine na mngoje ukungu uinuke.

Mtu wa redio hapa ameita zahanati ya Huicha, wamesema ujumbe watautuma kwa boti ya kwanza. Barua hii naituma pia, kwa sababu kwenye redio niliwasikia wakicheka na sijui wameelewa nini. Kesho tunaingia kusini kuchukua samaki, sitapata habari yoyote mpaka tutoke. Nitakuwa nikifikiria ile nyumba usiku na mchana.

Mwanao,
Dago


Rilpe, 21 Februari 2003

Mwanangu Dago,

Barua uliyomwandikia dada imefika kwangu. Boti ya abiria ilikwama Huicha kwa ukungu, na ilipotoka nahodha aliipeleka Quetrulén, akakuta mashimo ya nguzo na kuku mmoja. Akauliza nyumba iko wapi, wakamwonyesha kidole huku. Kwa hiyo nimeifungua mimi. Ujumbe wa redio ulikuwa kwenye boti hiyo hiyo, umeandikwa "mashua zisimame kwenye nukta zote", kwa hiyo bora haukufika.

Hakuna aliyeumia. Kunywa maji, kisha endelea kusoma.

Jumatatu kulipambazuka vizuri. Nilikuwa nje nikianua nguo, lakini sikuwa naanua nguo, nilikuwa natazama. Niliiona nyumba ya baba ikitoka Quetrulén, mashua tano mbele, inakuja taratibu na madirisha yake yote. Ndani ya dirisha la juu niliona pazia. Dada hakutoa hata pazia. Walipofika katikati ya mlango-bahari ukungu ukashuka, nisione tena kitu, nikawa nasikia injini tu.

Nikakimbia kanisani. Nikashika kamba ya kengele.

Sasa sikiliza, na hili usimwambie mtu, na hasa usimwambie yeye. Sikuivuta. Nilisimama pale nimeishika, injini zikija. Nilisema moyoni, mwezi mzima ameomba milango yote isipokuwa wangu, na sasa anapita na nyumba ya baba yangu mbele yangu bila hata kuniita. Akiita, nitapiga. Aite jina langu mara moja tu. Hakuita. Halafu nikasikia mbao zikilia juu ya mawe, mlio ambao sitausahau, ndipo nikavuta kamba kama mwendawazimu. Nilikuwa nimechelewa. Mwanangu, watu walikuwa kwenye mashua zile. Ningeua mtu kwa ajili ya viazi.

Mashua zilikuwa zimepita salama. Nyumba ilikalia Fungu la Ajuza, imesimama wima. Maji yakapwa, ukungu ukainuka, na ikabaki pale juu ya mchanga kama imejengwa hapo, kamba zimelegea, wanaume wamekaa kwenye mawe wanakunywa chicha, ile pombe ya matufaha iliyokusudiwa kunywewa Huicha. Moshi ukaanza kutoka dirishani. Dada alikuwa ameingia na jiko la mkaa, anakausha sakafu.

Nikavaa buti, nikachukua birika la moto na mkate wa viazi, nikaenda kwa miguu. Njia nzima wanaume waliinuka wakanipisha, hata yule mlevi. Nikafika. Mlango ulikuwa umefungwa, na mwani umening'inia kwenye kitasa. Nikabisha.

Akafungua. Ana fagio mkononi, kaa mdogo anatembea nyuma yake sakafuni. Akanitazama kwanza, kisha akatazama birika.

"Umekuja kuniomba?" akasema.

"Mimi?" nikamwambia. "Wewe ndiye uliyekuja. Tazama nje, hapa ni kwangu."

"Aliyebisha nani?"

"Na mlango umekuja kwa nani?"

"Usinijibu hivyo, mimi ni mkubwa wako."

"Basi mkubwa nipishe, birika linaniunguza."

Tukabishana hivyo tukinywa chai, tumekaa kwenye ngazi kwa kuwa viti vimelowa. Halafu yeye akacheka, mimi nikalia, au mimi nilicheka na yeye akalia, sikumbuki vizuri. Viazi hatukuvitaja.

Boriti moja kubwa imevunjika na mapipa mengi yamekwenda na maji, nyumba haiwezi tena kufika Huicha. Maji yalipojaa Jumanne waliikokota mpaka ufuoni kwangu, maana ni hapo hapo. Belarmino akavua kofia akaniuliza kama nina pa kuiweka. Nikasema nifikirie. Nikafikiri mpaka kikombe kikaisha, wasije wakadhani nilikuwa tayari. Kisha nikaleta maksai wangu.

Andika upesi. Na lile la kengele, lichome.

Mama yako,
Herminda


Rilpe, 8 Machi 2003

Mwanangu Dagoberto,

Barua yako ya maonyo nimeisoma, imefunguliwa na watu wasio na adabu, lakini haidhuru. Usijilaumu. Ulieleza vizuri, nami nilielewa vizuri, ila tulikuwa tunazungumzia bahari mbili tofauti.

Tulipotoka kulikuwa kweupe, na mawe ya upande wetu Belarmino aliyapita kwa mazoea, mashine ikilia bure. Alikuwa akiikemea kama mbwa. Ukungu ulipotufunika katikati ndipo alipoanza kuutii mshale, na mimi nikakaa karibu naye kumsomea, maana yeye herufi zile hazioni. Nikamsomea AJUZA, halafu umbali, unapungua, unapungua.

Sasa ninachoandika hapa ni chako peke yako. Kabla hatujafika nilisikia harufu ya mwani. Mwani uliolala juu ya fungu lile naujua tangu usichana. Nikatazama mshale, nikaelewa mara moja kosa nililofanya. Mashine haikuwa inatupeleka karibu na Ajuza, ilikuwa inatupeleka pale pale niliposimama nikabonyeza kitufe. Nilifungua mdomo kumwambia Belarmino ageuze.

Nikaufunga. Nilikuwa nangoja kengele. Nilisema moyoni, Herminda yuko pale, ana kamba, anatusikia. Akinipigia kengele mara moja tu, nitajua kwamba ananitaka salama, nami nitamwita jina lake mbele ya watu wote. Kengele haikulia. Mashine ikalia ti, na mbao zikaanza.

Nadhani mama yako aliteleza kanisani, ile sakafu ina unyevu. Ndivyo alivyoniambia, kwamba aliteleza, na mimi nimemwambia namwamini. Mimi nimemwambia ilikuwa mashine. Ananiamini pia. Sijui wewe amekwambia nini, wala usiniambie. Lakini namjua mdogo wangu. Kengele ile ilipolia, ilivutwa na mtu aliyekuwa ameshika kamba muda mrefu.

Nyumba imekaa vizuri. Sakafu imepinda kidogo upande wa jikoni, yai nikiliweka mezani linatembea. Zahanati iko mbali, lakini Huicha hakuna mtu wa kugombana naye. Mlango wangu sasa unautazama wake, uwanja mmoja katikati.

Mashine nimeitundika ukutani. Nimefuta Punda, Sufuria na Ndugu. Nimejifunza kuweka nukta majini kama ulivyosema, na Belarmino anapita huku na huku akiyapa maji majina, mengine siwezi kuyaandika mimi, mama mtu mzima. Ajuza sijaifuta. Na nimeongeza mbili, moja kizingitini kwangu, moja kizingitini kwake. Nikaipanga njia, nukta mbili tu, nikaisoma. Kisha nikabonyeza kile kitufe unachokipenda wewe, cha kugeuza. Umbali ni ule ule.

Siku za mwanzo kila asubuhi tulikuwa tunachungulia dirishani, kila mtu kwake, tukingoja nani atabisha kwanza. Chai zetu zilikuwa zinapoa. Juzi mvua ilinyesha sana, nikamwona amesimama kwenye dirisha lake na birika mkononi, anatazama huku, mzee wa watu na ukaidi wake.

Nikavaa buti, nikaenda nikabisha mimi.

Mama Mkubwa wako,
Edulia